Kumsitiri Mgonjwa: Wajibu wa Msikiti na Nyumba Zetu Katika Maradhi ya Ukimwi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mwenye kuteremsha maradhi na kuyateremshia dawa zake. Rehma na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Mama zangu, dada zangu na ndugu zangu Waislamu, wiki hii nataka tuzungumze jambo ambalo katika miji yetu ya mwambao husemwa kwa kunong'ona, na huku kichwa kimeinamishwa. Maradhi ya ukimwi yalibainika hapa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1984. Mwezi wa Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi akayatangaza kuwa janga la taifa. Mimi nilikuwa kijana wa chuoni nilipoanza kuyasikia, na maneno yaliyokuwa barazani wakati ule ni kwamba hayo ni maradhi ya watu wa mbali. Leo ndevu zina mvi. Nimefungisha ndoa nyingi, nimesuluhisha waliogombana, nimewafunza wajane hukumu za eda, na nimeingia vyumbani kuosha maiti. Katika kila moja ya milango hiyo nimekutana na maradhi haya, na waliokuwa nayo walikuwa jamaa zetu, majirani zetu na wanafunzi wetu.

Tatizo letu, nionavyo mimi, limejificha ndani ya neno zuri mno: sitara. Watu wa pwani twajisifu kwa sitara. Tunasitiri mwili, tunasitiri siri ya nyumba, tunamsitiri maiti. Hilo ni jambo la dini, na Mtume (S.A.W.) ametubashiria kwamba mwenye kumsitiri Muislamu mwenzake naye atasitiriwa duniani na Akhera. Lakini neno hili tumelibebesha mzigo usio wake. Tumelifanya pazia la kuyafichia maradhi yenyewe, hata yakapata nafasi ya kutoka chumba kimoja kwenda cha pili bila ya mtu kuyaona yakipita.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mjane mmoja baada ya darsa ya akina mama. Mtaa wake siutaji wala mwaka wenyewe, kwani ni amana. Mumewe alikuwa mtu wa safari za kazi, na alipofariki pakasemwa kuwa ni kifua. Ndugu zake marehemu walijua ni nini, naye marehemu alikuwa amewaomba wanyamaze, wakanyamaza. Yule bibi alikaa eda yake akiwa mjamzito, akajifungua mikononi mwa mkunga wa nyumbani, na hali yake hakuijua mpaka alipompeleka mtoto hospitalini kwa homa isiyokatika. Hakuja kwangu kutaka fatwa. Alikaa kitako, akashika ukingo wa buibui lake, akaniuliza: "Maalim, wao wasema walimsitiri ndugu yao. Naye ni maiti. Mimi niliyekuwa hai na mtoto tumboni, ni nani aliyenisitiri?"

Nilimjibu kwamba yeye hana dhambi yoyote, na kwamba waliomficha wamemdhulumu, hata kama walikusudia wema. Swali lake limebaki nami hadi leo, na ndilo linaloniandikisha makala haya.

Sheria yetu haikuacha jambo hili gizani. Imamu Nawawi, ambaye ni nguzo katika madhhabi yetu ya Shafii, ameeleza milango sita ambayo ndani yake inaruhusiwa kutaja aibu ya mtu kwa sababu ya haja ya kisheria. Mmoja katika hiyo ni kuwatahadharisha Waislamu na madhara, na ndani yake mna kumshauri anayetaka kuoa au kuolewa. Bibi Fatima binti Qays (R.A.), alipoposwa na watu wawili, alikwenda kumtaka ushauri Mtume (S.A.W.). Mtume hakumwambia awe na subira na aache kupekua mambo ya watu. Alimwambia wazi kwamba mmoja hana mali na mwengine ni mkali kwa wanawake, kisha akamwelekeza kwa Usama bin Zayd. Ikiwa ufukara na ukali wa mkono ni mambo ambayo mwanamke ana haki ya kuyajua kabla ya kuolewa, basi vipi maradhi yanayoweza kuingia katika damu yake na ya wanawe?

Hapa ni lazima nitenge mambo mawili. Kumwambia mke au mume anayehusika ni haki yake. Kuwaambia majirani, mawifi na watu wa barazani ni ghiba na fitina. Siri ya mgonjwa ina mipaka miwili: isimfikie asiyehusika, na isifichwe kwa anayeweza kudhurika. Mtu wa kwanza anayepaswa kuifikisha kwa mwenzake ni mgonjwa mwenyewe, na sisi mashekhe pamoja na washauri wa hospitalini kazi yetu ni kumshika mkono mpaka apate ujasiri wa kusema.

Wapo wanaodhani kuwa watu wa dini hawana la kufanya katika jambo hili ila kukemea zinaa juu ya mimbari. Kuikemea zinaa ni wajibu wetu na hatutauacha. Lakini tazameni ndugu zetu wa Uganda, ambako maradhi haya yalichimba makaburi mengi kabla ya kwetu. Mwaka 1989 Jumuiya ya Madaktari wa Kiislamu ya nchi hiyo ilikaa pamoja na Mufti na viongozi wa Waislamu, wakatangaza jihadi dhidi ya ukimwi. Tangu mwaka 1992 wakaanza kuwafunza maimamu, na pamoja nao wasaidizi wa kujitolea, wanaume kwa wanawake, waliokwenda nyumba kwa nyumba kuzungumza na familia. Mwaka 1998 Shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na ukimwi likaiandika kazi hiyo kuwa mfano wa kuigwa.

Kilichonivutia zaidi katika habari zao ni kwamba walipokaa madaktari na maimamu katika mkeka mmoja, kila upande ulipata la kujifunza. Daktari alifahamu kwamba Waislamu humwosha maiti kwa mikono yao, na kwamba watoto huweza kutahiriwa wengi kwa siku moja, kwa hivyo wembe mmoja kwa watoto wengi ni hatari. Imamu naye alifahamu kwamba mgonjwa anayekuja kuswali safu ya mbele hamdhuru jirani yake kwa kupeana mkono, wala kwa kula sinia moja, wala kwa kutumia birika moja la udhu. Hayo hayangejulikana kama kila mmoja angebaki kwake.

Na huko Cape Town, Afrika Kusini, Bibi Faghmeda Miller, mwanamke wa Kiislamu, alijitokeza hadharani katika miaka ya tisini akasema kuwa anaishi na virusi, wakati ambapo wengi katika umma walikuwa wakisema hilo haliwezekani kwa Muislamu. Mwaka 2000 akashirikiana na wenzake kuanzisha jumuiya ya Positive Muslims ya kuwashika mkono walio katika hali hiyo. Ujasiri wa mwanamke mmoja ulifungua mlango ambao khutba nyingi hazikuufungua.

Sasa turejee majumbani mwetu, na tuanze na posa. Mwaka 2018 ulifanywa uchunguzi wa kitaifa uitwao KENPHIA, ukaonyesha kwamba asilimia 4.9 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 64 hapa Kenya wanaishi na virusi. Kwa wanaume ni asilimia 3.1, na kwa wanawake ni 6.6, yaani zaidi ya mara mbili. Mama zangu, itafakarini hesabu hiyo. Wengi miongoni mwa wanawake hao ni wake waliojihifadhi, na virusi viliwakuta ndani ya nyumba zao za halali. Wako pia wanaojipa moyo kwa kuwa wanaume wetu wametahiriwa. Ni kweli kwamba tafiti zilizofanywa Kisumu, Uganda na Afrika Kusini zilionyesha kuwa kutahiriwa humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa kwa kiasi cha asilimia 60. Lakini kupunguza si kuondoa, na kinga hiyo ni ya mwanamume anapokuwa na mwanamke mwenye virusi. Mwanamume akisha kuwa navyo, kutahiriwa kwake hakumlindi mkewe.

Kwa hivyo mimi huwashauri maposa wote wapime kabla ya nikahi. Nasema wote: mwana wa sheikh na mwana wa mvuvi, bikira na mjane, wa mke wa kwanza na wa mke wa pili. Jambo likifanywa na kila mtu, hapana anayenyooshewa kidole, na hiyo ndiyo sitara ya kweli. Lakini nawakumbusha mashekhe wenzangu kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu ukimwi inakataza mtu kulazimishwa kupima ili akubaliwe kuoa au kuolewa. Kazi yetu ni nasaha, na uamuzi ni wa wenyewe. Walii ana haki ya kuuliza, na binti ana haki ya kusema, "Tupime sote wawili kwanza, kisha tuendelee na mambo ya mahari." Mwanamume atakayekasirika kwa ombi hilo amekwisha kujitambulisha. Na mwenye kujua kuwa ana virusi akamficha mwenzake mpaka ndoa ikafungwa, huyo amefanya ghishi. Maulamaa wa madhhabi yetu waliutaja ukoma na mbalanga miongoni mwa aibu zinazompa mwenzake hiari ya kuvunja ndoa. Na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah, ilipokutana Abu Dhabi mwaka 1995, ilizungumzia maradhi haya yenyewe: kwamba hapana ulazima wa kumtenga mgonjwa, na kwamba kumwambukiza mtu kwa makusudi ni haramu na ni dhambi kubwa.

Je, akiwa na virusi ndiyo haolewi tena? Hasha. Elimu ya leo imebainisha kwamba mtu anayemeza dawa zake sawasawa, mpaka virusi vikawa vichache mno hata kipimo hakivioni katika damu, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Niliwahi kufungisha ndoa ya wawili ambao mmoja wao alikuwa na virusi na mwengine hana. Walikuja wote pamoja, kila mmoja akijua, baada ya kuzungumza na daktari. Sikuona kizuizi chochote cha kisheria, na nyumba hiyo ingali imesimama kwa fadhila za Mwenyezi Mungu.

Baada ya ndoa huja uzazi. Pasipo na dawa, katika kila watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama wenye virusi, baina ya 15 na 45 huambukizwa. Mama akipata dawa na mtoto akapewa kinga yake, idadi hushuka chini ya watano. Yule mjane niliyemtaja angalikuwa katika kundi hili la pili kama angaliambiwa mapema. Mwanawe, Alhamdulillahi, ni mzima wa afya na amekwisha kuhitimu juzuu ya Amma, lakini kila usiku humeza kidonge, na atakimeza maisha yake yote. Hiyo ndiyo thamani ya kimya cha watu wazima. Basi enyi mama wakwe, msimzuie mkaza mwana kwenda kliniki tangu mimba changa. Akipatikana na virusi, msimnyang'anye mtoto kifuani. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mama anayemeza dawa zake vyema anaweza kumnyonyesha mwanawe, kwa maziwa yake matupu miezi sita ya mwanzo, kisha pamoja na vyakula vyengine.

Na hapa pana jambo linalonichoma. Nimewaona watu walioacha dawa kwa kuambiwa na tabibu fulani kwamba waache sumu za Wazungu, wanywe kombe na habbat sauda, na wao ni wazima. Mimi mwenyewe husoma ruqya na huandika kombe kwa zaafarani na maji ya marashi, na sijaona aya wala hadithi inayomwamrisha mgonjwa aache dawa ili dua ikubaliwe. Mtume (S.A.W.) ameamrisha kujitibu. Dawa za kupunguza makali hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali tangu mwaka 2006. Mtu akiziacha, virusi vilivyokuwa vimelala huamka, na huenda vikawa vigumu zaidi kutibika. Msomee mgonjwa wako, mwombee katika usiku wa manane, kisha mpe na kidonge chake kwa wakati.

Swali jengine hunijia kila mwaka ukikaribia mwezi wa Ramadhani. Wengi leo humeza kidonge kimoja kwa siku, na hao huweza kukimeza baada ya futari au wakati wa daku, wakafunga kama wengine. Anayemeza mara mbili, au ambaye mwili wake ni dhaifu, amuulize daktari kabla ya mwezi kuandama. Akiambiwa asifunge, ruhusa hiyo ameipewa na Mola wake, na asione haya kuipokea. Wala sisi tusimwulize kwa nini hafungi.

Kuhusu maiti, waoshaji wetu, wanaume kwa wanawake, wafanye ada ya kuvaa glavu na aproni, na mwenye jeraha mkononi alifunike au ampishe mwenzake. Wavae kwa kila maiti bila ya kubagua. Nimewahi kuingia chumba kimoja nikakuta glavu zimetolewa siku hiyo tu, na waliokuwa ukumbini wakatazamana. Marehemu alikuwa amekwisha kutangazwa kabla hajavishwa sanda. Kuosha maiti ni fardhi kifaya, na mwenye maradhi haya huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa na kuzikwa kama Muislamu yeyote.

Wako watakaosema kwamba yote haya ni kukosa tawakkul, kwani ajali imekwisha kuandikwa. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kwamba kuna tauni, alikata shauri kurejea Madina na watu wake. Sahaba mkubwa, Abu Ubayda (R.A.), akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba anaikimbia kadari Yake kuiendea kadari Yake nyengine. Kisha akatokea Abdurrahman bin Awf (R.A.) akawapa hadithi ya Mtume (S.A.W.), kwamba nchi yenye tauni isiingiwe, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Mola wake kwa kuwa rai yake imeafikiana na sunna. Kujilinda, basi, ni katika dini.

Mwisho ni mali. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini ilibeba sehemu kubwa ya gharama za dawa na watumishi wa kliniki hizi katika Afrika. Tukatambua ghafla kwamba uhai wa jirani yetu ulikuwa unategemea mkono wa mtu aliye ng'ambo ya bahari. Hatuwezi sisi kununua dawa za nchi nzima, hilo ni jukumu la serikali, na tuidai. Lakini nauli ya kwenda kliniki twaiweza. Chakula cha kumezea dawa twakiweza. Fukara na maskini ndio wa mwanzo kutajwa miongoni mwa wanaostahiki zaka, na mjane mwenye virusi asiye na nauli ni katika hao. Msikiti mmoja ninaoujua huweka sanduku la wagonjwa wote, wa kisukari, wa figo, wa saratani na wa ukimwi. Anayehitaji hupewa na mama mmoja mwaminifu bila kuulizwa anaumwa nini, na daftari la majina ya maradhi halipo. Kila msikiti unaweza kufanya hivyo kuanzia Ijumaa ijayo.

Kwa wale mlio na maradhi haya na mnasoma maneno haya peke yenu, na pengine hapana anayejua: ninyi ni katika sisi. Mtihani huu hauonyeshi cheo cha mja mbele ya Mola wake. Endeleeni na dawa, endeleeni na swala, na mtafuteni mtu mmoja mwaminifu mumwambie, kwani mzigo wa peke yako ni mzito kuliko ugonjwa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, awahifadhi vijana wetu kwa ucha-Mungu, na atusitiri sote, walio hai na waliokufa, kwa sitara isiyomdhuru mtu. Amin.

Wabillahi tawfiq.